Saa chache pamoja na fao, au kusubiri kazi kamili? Ulinganisho kwa waliopunguziwa kazi Marekani

Ghala limepunguza watu, au hoteli imekata shifti zako kutoka tano hadi mbili. Umeomba bima ya ukosefu wa ajira, "anemploimenti" kama wengi wetu tunavyoiita huku, na fao limeanza kuingia. Kisha rafiki anapiga simu: kuna kazi ya usafi ya saa 16 kwa wiki, unaitaka? Hapo ushauri wa barazani unaanza kugongana. Mmoja anasema usiiguse kazi hiyo, watakukatia kila kitu. Mwingine anasema chukua, ila usiwaambie. Wa kwanza hajui hesabu. Wa pili anakutafutia kesi.

Majimbo yote ya Marekani yanaruhusu mtu afanye kazi kidogo huku akipokea sehemu ya fao. Yanapotofautiana ni kwenye namna ya kukata, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama saa 10 zinakufaa kuliko 16, au kama saa moja ya nyongeza itakugharimu dola mia mbili kasoro. Mfumo wenyewe ulitokana na sheria ya mwaka 1935: serikali kuu iliweka msingi, kila jimbo likaachiwa kuandika kanuni zake. Pesa zinatoka kwenye kodi wanayolipa waajiri. Alaska, New Jersey na Pennsylvania hata mfanyakazi mwenyewe huchangia. Kwa hiyo anayeona haya kuidai akidhani ni sadaka, aondoe haya hiyo. Ni bima, na kazi yako ndiyo iliyoilipia.

Kabla hujalinganisha chochote, jua ni jimbo gani linalokuhusu. Ni lile ulilofanyia kazi, hata kama unalala kwingine. Anayeishi Camden, New Jersey, na alikuwa akivuka daraja kwenda kazini Philadelphia, madai yake ni ya Pennsylvania na kanuni zake ni za Pennsylvania.

Mtu mmoja, majimbo sita

Tuchukue mtu ambaye fao lake kamili ni dola 400 kwa wiki, akapata kibarua cha dola 20 kwa saa. Katika maisha halisi fao lake lisingelingana kila mahali, kwa sababu kila jimbo lina fomula yake ya kulikokotoa na kikomo chake cha juu, lakini tukishika namba moja tunaona vizuri jinsi makato yanavyotembea. Kila kisanduku kinaonyesha fao linalobaki, kujumlisha mshahara kabla ya makato.

| Jimbo | Saa 10 | Saa 16 | Saa 24 |
|---|---|---|---|
| Texas | 300 + 200 = 500 | 180 + 320 = 500 | 20 + 480 = 500 |
| Pennsylvania | 320 + 200 = 520 | 200 + 320 = 520 | 40 + 480 = 520 |
| Ohio | 280 + 200 = 480 | 160 + 320 = 480 | 0 + 480 = 480 |
| Minnesota | 300 + 200 = 500 | 240 + 320 = 560 | 0 + 480 = 480 |
| California | 250 + 200 = 450 | 160 + 320 = 480 | 40 + 480 = 520 |
| New York | 400 + 200 = 600 | 300 + 320 = 620 | 100 + 480 = 580 |

Hakuna kisanduku hata kimoja kilicho chini ya dola 400. Anayesema ukigusa kazi unapoteza hajawahi kukaa na kalamu. Lakini tazama tena mistari mitatu ya juu: mwenye saa 10 na mwenye saa 24 wanaondoka na pesa ile ile. Hapo pana la kufikiria.

Texas, Pennsylvania, Ohio: unasamehewa kidogo, kisha dola kwa dola

Texas inasamehe mshahara unaolingana na robo ya fao lako. Kwa fao la 400, dola 100 za kwanza za mshahara ni zako. Kuanzia hapo kila dola unayopata inaondoa dola moja kwenye fao. Pennsylvania inasamehe asilimia 30, Ohio asilimia 20. Mtu wetu wa Texas anafika dola 500 akishafanya saa 5 tu; saa zinazofuata hazimwongezei kitu wiki ile.

Mtu anaweza kuona basi hakuna haja ya kutoa jasho la ziada. Mimi sikubaliani, na sababu ni salio. Fao lina jumla yake kwa mwaka. Tuseme jumla yako ni dola 10,400. Ukichota 400 kila wiki, linaisha wiki ya 26. Ukichota 300 kwa sababu unafanya kazi saa 10, linakupeleka zaidi ya wiki 34. Ambacho hukulipwa wiki hii kinabaki kwenye hesabu yako na unaweza kukihitaji kazi kamili ikichelewa. Ila usilikumbatie salio kupita kiasi, kwa kuwa mwaka wa fao una wiki 52 na kinachobaki ukishaisha hukipati. Mwenye saa 16 anayechota 180 kwa wiki hawezi kulimaliza salio hilo ndani ya mwaka.

Ohio ina ukuta ambao jedwali limeuficha. Mshahara wa wiki ukifikia fao lako, hulipwi fao kabisa. Kwa saa 19 mtu wetu ana mshahara wa 380 na fao la 100, jumla 480. Akiongezwa saa moja tu, mshahara unakuwa 400, fao linakuwa sifuri, na jumla ni 400. Ile 480 ya saa 24 kwenye jedwali ni mshahara mtupu.

Minnesota na California: unakatwa sehemu ya kila dola

Hapa ndipo kila saa ina maana. Minnesota inakata senti 50 kwa kila dola ya mshahara, kwa hiyo nusu ya jasho lako inabaki mfukoni kweli. Kwangu mimi hii ndiyo kanuni yenye akili kuliko zote sita, mpaka ufike mwisho wake: ukifanya kazi saa 32 au zaidi, au mshahara ukifikia fao lako, hupati kitu wiki hiyo. Saa 19 zinampa mtu wetu 380 na fao la 210, jumla 590. Saa ya 20 inamshusha hadi 400. Saa moja, dola 190. Kama bosi anakuuliza wiki hii ungependa shifti ngapi, hapa jibu linahitaji kikokotoo.

California haihesabu robo ya mshahara wako (au dola 25 za kwanza, ikiwa mshahara wa wiki haujafika 100), kisha inatoa iliyobaki kwenye fao. Unabakiza senti 25 kwa kila dola. Faida ni ndogo lakini haina ukuta wa ghafla. Inapanda polepole hadi fao linapoisha lenyewe.

New York: wanahesabu saa

Hadi mwanzoni mwa 2021 New York ilihesabu siku. Ukifanya kazi hata saa moja Jumanne, Jumanne yote imekwenda. Sasa wanahesabu saa za wiki nzima. Saa 10 au pungufu, fao halikatwi. Kuanzia 11 hadi 16 unapoteza robo, 17 hadi 21 nusu, 22 hadi 30 robo tatu, na 31 kwenda juu hupati kitu. Sharti la pili ni kwamba mshahara wa wiki kabla ya makato usizidi fao la juu kabisa la jimbo, ambalo Oktoba 2025 lilipanda kutoka dola 504 hadi 869.

Matokeo yake ni ngazi. Saa 10 zinampa mtu wetu 600. Saa 11 zinampa 520. Saa 16 ni 620, saa 17 ni 540. Saa 21 ni 620 tena. Saa 30 ni 700. Kwa hiyo New York usiulize tu "saa ngapi", uliza "saa ngapi kamili". Shifti ya saa 10 ikivuka kidogo kwa sababu mwenzako amechelewa kukupokea, umelipa kwa mfuko wako. Na kwa kuwa wanapima saa, kazi ya mshahara mzuri kwa saa chache ndiyo inayong'aa huku. Mkalimani wa hospitali anayelipwa dola 40 kwa saa, akifanya saa 10, anaondoka na 400 za mshahara na 400 za fao. Texas mkalimani huyo huyo angebaki na 500.

Kwa walio kwingine, haraka haraka: Illinois inasamehe nusu ya fao, Massachusetts theluthi, Iowa robo. Ukishajua kama jimbo lako linasamehe kiasi fulani, linakata sehemu ya kila dola, au linahesabu saa, mengine utayakokotoa mwenyewe nyuma ya bahasha.

Kusubiri na fao zima: inafaa lini?

Kusubiri kuna hoja moja nzito, nayo ni muda. Mwenye cheti cha uuguzi au leseni ya lori anayehitaji wiki sita za kuhudhuria usaili, mchana, kwa gari moja la familia, anaweza kupoteza kazi nzuri kwa ajili ya saa 16 za kufagia ofisi. Mama mwenye watoto wadogo naye atoe gharama ya kulea kwanza. Ukipata dola 100 za nyongeza kwa wiki na yaya anataka 150, hesabu imeshajijibu.

Lakini kusubiri hakumaanishi una hiari ya kukataa lolote. Ukiletewa kazi inayofaa, kwa maana ya sheria ya jimbo, ukaikataa bila sababu nzito, fao linaweza kusimamishwa. Vivyo hivyo ukiiacha kazi ya saa chache kwa hiari yako, au ukimwomba bosi akupunguzie saa ili ubaki chini ya ukuta. Fao pungufu ni la yule ambaye kazi zaidi haipo, na afisa ana haki ya kumpigia mwajiri kuuliza. Ngazi za New York na ukuta wa Minnesota ni za kujua unapochagua kati ya kazi mbili zilizo mezani. Kuzifanya mchezo wa kukwepa shifti ni jambo jingine.

Yale ambayo jedwali halionyeshi

Dola ya fao na dola ya mshahara hazina uzito sawa, na watu wengi hawalijui hili hadi msimu wa kodi. Fao halikatwi ile asilimia 7.65 ya Social Security (pensheni ya serikali) na Medicare (bima ya afya ya wazee), mshahara unakatwa. Hapo fao limeshinda. Kwingine mara nyingi mshahara ndio unaoshinda. Kodi ya mapato ya serikali kuu inatozwa kwenye vyote viwili, ila kwenye fao hawakati mpaka uombe (unaweza kuomba wakate asilimia 10, na mimi ningeomba). Usipoomba, fomu ya 1099-G, inayoonyesha fao ulilolipwa mwaka mzima, inafika Januari, na ile rifandi (kodi unayorudishiwa) uliyokuwa umeshaipangia bajeti inayeyuka.

Ile ruzuku ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato kidogo, EITC, inapimwa kwa pato la kazi, na fao halihesabiwi kuwa pato la kazi. Baba wa watoto watatu aliyekaa miezi sita bila mshahara anaweza kukuta ruzuku yake imepungua sana. Vilevile alama za pensheni ya Social Security zinajengwa na mshahara peke yake.

Kwa familia inayopokea SNAP, yaani msaada wa chakula, mshahara unapunguzwa asilimia 20 kabla ya kuhesabiwa, wakati fao linahesabiwa lote. Dola 320 za mshahara zinaonekana kama 256. Dola 320 za fao zinabaki 320. (Sheria ya Julai 2025 imewaondoa kwenye SNAP wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawana green card, kwa hiyo hili linawagusa walio nayo na raia.)

Na kuna kesho. Mwaka wa fao ukiisha, ombi jipya linahitaji mshahara mpya wa kutosha kwenye rekodi. Aliyefanya kazi hata saa 16 kwa wiki ana cha kuonyesha. Aliyesubiri mwaka mzima pengine hana.

Njia nyingine, ambayo bosi ndiye anayeifungua

Kuna mpango wa kugawana kazi, upo katika zaidi ya nusu ya majimbo. Badala ya kufukuza watu wawili kati ya kumi, mwajiri anapunguza saa za wote kumi kwa asilimia 20, na kila mmoja analipwa asilimia 20 ya fao lake. Texas inaruhusu punguzo la kati ya asilimia 10 na 40, New York 20 hadi 60, California 10 hadi 60.

Linganisha. Aliyekuwa na saa 40 kwa dola 20 alipata 800. Akishushwa hadi saa 32 anapata mshahara wa 640, na fao la 80, jumla 720. Kwa njia ya kawaida mshahara wa 640 umeshavuka kila ukuta kwenye jedwali letu, na fao lingekuwa sifuri. Bima ya afya na michango ya kustaafu vinaendelea kama kawaida, na hulazimiki kuzunguka kutafuta kazi nyingine. Kasoro ni moja: mwajiri ndiye anayeomba. Mfanyakazi hawezi. Lakini hakuna kinachomzuia mwakilishi wa zamu kumuuliza mtu wa rasilimali watu kama kampuni inaujua mpango huo. Kampuni ndogo nyingi hazijawahi kuusikia.

Kuripoti

Kila wiki, au kila wiki mbili kama Texas, utaulizwa: ulifanya kazi? Saa ngapi? Ulipata kiasi gani? Jibu ni mshahara kabla ya makato, kwa wiki uliyofanya kazi, hata kama cheki itatoka Ijumaa ya wiki nyingine. Texas wiki inaanza Jumapili na kuisha Jumamosi. New York inaanza Jumatatu na kuisha Jumapili. Karatasi ya malipo ya mwajiri mara nyingi inafuata kalenda yake mwenyewe, kwa hiyo isikuongoze. Andika saa zako kwenye simu kila unapotoka kazini. Kuendesha watu kwa programu za simu, kusuka nywele kwa malipo, kupika sambusa za oda: yote yanaripotiwa.

Anayekwambia usiseme hajui kwamba waajiri wanatakiwa kuandikisha kila mfanyakazi mpya kwenye daftari la jimbo, na ofisi ya fao inalilinganisha daftari hilo na orodha ya wanaolipwa. Wakikubaini, unarudisha pesa zote na faini isiyopungua asilimia 15, na rifandi yako ya kodi inaweza kuchukuliwa kulipia deni. Kwa asiye raia, neno "udanganyifu" kwenye faili la serikali ni zito kuliko faini yenyewe.

Na kwa asiye raia jambo jingine: kibali cha kazi kiwe hai wakati wote unapodai. Kikiisha, huhesabiwi kuwa uko tayari kufanya kazi, na fao linasimama hata kama hujakosea popote.

Ningechagua nini

California ningechukua saa zozote zinazopatikana. Minnesota pia, nikiangalia mshahara usigote kwenye fao, au ukipita, upite kwa mbali. New York ningetafuta saa 10 zenye malipo mazuri au niruke moja kwa moja hadi karibu na 30. Kwa dola 20 kwa saa, eneo la 11 hadi 15, la 17 hadi 20 na la 22 hadi 25 halikupi zaidi ya zile saa 10. Ohio ningebaki chini ya ukuta au nitafute kazi inayolipa zaidi ya kile fao na saa chache vinavyotoa pamoja. Texas na Pennsylvania, mwenye kutafuta kazi ya ujuzi wake achukue saa chache tu zinazomfikisha kwenye kikomo na kutumia muda uliobaki kwa usaili; asiye na haraka hiyo achukue nyingi, alinde salio na EITC yake.

Kabla ya kumjibu rafiki mwenye kazi ya usafi, piga simu ofisi ya jimbo. Taja neno "Swahili" tu, usubiri. Mkalimani ni bure na ni haki yako. Muulize mambo matatu: fao langu kamili la wiki ni kiasi gani, mnasamehe kiasi gani cha mshahara au saa ngapi, na ni wapi hasa ninapofika sifuri. Andika jina la aliyekujibu na tarehe.